Nyoka Mwekundu wa Werugha

"Nasiha, uko wapi?"

"Napita Mwatate, Mkuu. Napanda milimani."

"Panda haraka. Donald hajibu redio."

Simu ikakatika.

Nasiha Badawy akainamia usukani wa Yamaha yake nyeusi, akavuta mafuta. Kona za kupanda Wundanyi hazina urafiki na mwenye haraka. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani, na bonde la upande wa kushoto lilikuwa limenyamaza kama linamngojea akosee.

Yote hayo kwa ajili ya picha moja.

Donald, afisa mwenzake wa kulinda mashahidi, ndiye aliyeituma asubuhi ile kutoka nyumba ya siri ya Werugha, ili wakubwa waone kwamba mambo ni shwari. Ilimwonyesha Thadeus, dereva wa lori, anatabasamu na nyoka mwekundu mkononi. Thadeus ndiye pekee aliyebaki hai kati ya waliowahi kumwona kwa macho yao Austin, bwana mkubwa wa kuvusha pembe za ndovu mpakani Taveta. Kesho angesimama mahakamani Voi amnyooshee kidole. Akifa leo, Austin atakunywa chai yake kwa raha.

Nyoka yule alikuwa kipenzi chake. Majirani wa Mbololo walimwona Thadeus ana wazimu, lakini yeye alimlea tangu akiwa mwembamba kama kamba ya kiatu: nyoka wa nyumbani, mla panya, hana sumu, ila mwekundu kuliko wenzake wote. Thadeus alilalamika kwamba hapati usingizi bila yeye. Donald, kwa moyo wake mwema, akajitolea kwenda kumleta.

Moyo mwema!

Rachel, mkuu wao, hakuipenda picha ile. Aliituma Nairobi kwa Dakta Tryphena, mtaalamu wa nyoka, na jibu likarudi upesi. "Rangi ni ya nyoka wa nyumbani. Jicho si lake, ni kubwa mno. Nahitaji kuona magamba kwa karibu."

Nasiha aliiacha pikipiki chini ya matuta ya kabeji, akaingia kwa miguu. Donald alikuwa amesimama mlangoni, glavu za ngozi mikononi.

"Mbona hujibu redio?"

"Betri, Badawy. Baridi ya huku inaua kila kitu." Akafuta mdomo kwa leso, akairudisha mfukoni haraka.

Ndani, Thadeus alikuwa kwenye kochi. Nyoka alijizungusha mkononi mwake, mwekundu wa kutu, macho yameingia ukungu.

"Karibu madam! Huyu leo amenuna. Ananivimbishia shingo, na hajawahi."

Nasiha akainua kiganja.

"Thadeus, usisogee. Hata kidogo."

Akamwita Dakta kwa video, akasogeza kamera. Ndipo harufu ikampiga. Hina. Hina na limau na mafuta ya mkaratusi. Bibi yake, Mwanamina, alipamba maharusi wa Voi maisha yake yote, na Nasiha alikulia ndani ya harufu hiyo. Hapa Werugha, kwenye ngozi ya nyoka, ilikuwa inatafuta nini?

"Magamba ni laini," Dakta akauliza, "ama kila moja lina mstari katikati?"

"Yana mstari. Na amepakwa hina."



"Basi huyo ni boomslang, nyoka wa mitini. Rangi yake ya asili ni kijani, na macho hayo yanasema anakaribia kujivua gamba. Haoni vizuri, kwa hivyo ana hasira. Aking'ata husikii uchungu, unajiona mzima. Halafu damu inakataa kuganda. Inaanzia kwenye fizi."

Machozi yalimtoka Thadeus bila sauti. Asubuhi ile alikuwa amembusu.

Nasiha akachukua ufagio, akausogeza mpini taratibu. Nyoka wa mitini hakatai tawi. Alinyoosha kichwa, akaonja hewa, akatambaa juu ya mpini. Nasiha akamshusha ndani ya sanduku la nyoka lililokuwa kando ya kochi, akafunga kifuniko.

Thadeus akapumua.

Nasiha akageuka, Glock mkononi. Donald alikuwa bado anahangaika na kifuko cha bastola yake. Glavu nene zina kazi yake, lakini si hiyo.

"Hebu vua hizo glavu."

"Baridi, Badawy."

"Vua."

Vidole vilikuwa vyekundu hadi kwenye kucha, na ngozi imechubuka kwa kusuguliwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kimekula nao mshahara mmoja.

"Ulidhani itatoka kwa sabuni," Nasiha akasema. "Hina haioshwi, bwana. Siku ya pili ndiyo inakolea."

Donald alijaribu kucheka. Meno yake yalikuwa na damu.

"Alikung'ata ulipompaka?"

"Alinikwaruza tu. Sikusikia kitu. Austin alisema..." Akanyamaza. Maneno ya Dakta yalikuwa yamemfikia. Akatoa leso, akaitazama, akaketi sakafuni. "Yuko Bomeni, kule Taveta. Ghala la bati jipya, anavuka mpaka leo mchana. Badawy, nimesema kila kitu. Dawa iko?"

"Iko, ndani ya helikopta inayokuja. Mkuu aliituma mara tu Dakta alipotilia shaka lile jicho." Nasiha akamnyang'anya bastola. "Lakini inaletwa kwa ajili ya Thadeus."

Donald akamgeukia Thadeus, mtu ambaye yeye mwenyewe alitaka kumuua. Hakuthubutu kuomba.

"Mpeni," Thadeus akasema kwa hasira. "Mpeni apone, anitazame nikisema. Na nyoka wangu yuko wapi?"

"Kwenye gunia, jikoni kwako Mbololo. Nilishindwa kumuua."

Austin alikamatwa Bomeni kabla ya adhuhuri, mguu mmoja ndani ya gari.

Kesho yake Thadeus alisimama Voi akasema yote, bila kugugumiza. Juu ya meza ya vielelezo kulikuwa na sanduku la kioo. Nyoka alikuwa amejivua. Gamba jekundu lilikuwa limesinyaa pembeni, na aliyebaki alikuwa kijani kibichi, jicho kubwa limekodoka.

Nje, Nasiha alimpa Thadeus kikapu kilichofunikwa. Thadeus alikitazama, mkono ukasita.

"Madam, una hakika ni yeye?"

"Nimemnusa," Nasiha akasema, akavaa kofia ya pikipiki, akaondoka.