Safari Iliyokutwa na Eda

Bi Zaituni aliishi Kolo, wilayani Kondoa, pamoja na mumewe, Mzee Masudi. Walilima mtama na alizeti, na walifuga ng'ombe wachache. Kila asubuhi Mzee Masudi alifungua zizi, na Bi Zaituni aliwasha moto wa chai. Baada ya chai walibishana kidogo juu ya redio. Mzee alitaka taarifa ya habari. Bi Zaituni alitaka kaswida. Mara nyingi mzee alishinda, kwa sababu yeye ndiye aliyenunua betri.

Walikuwa na watoto wawili. Wa kwanza, Faridi, alikuwa karani katika ofisi ya serikali huko Mtumba, na alipanga nyumba Kikuyu, mjini Dodoma. Wa pili, Shakila, aliishi Kanada na mumewe, Abuu. Abuu alifanya kazi ya zamu kiwandani. Hawakuwa na ndugu yeyote karibu.

Mwaka huo Shakila alikuwa mjamzito. Mimba zake mbili za kwanza ziliharibika. Hii ya tatu ilikuwa imekaa vizuri, lakini hofu haikumtoka. Alimwomba mama yake aende kukaa naye miezi sita.

"Mama, nikijifungua sitaki kuwa peke yangu," alisema kwenye simu. "Nitakuwa na nguvu ukiwapo wewe."

Viza ya Bi Zaituni ilipatikana. Faridi akaenda kwa wakala wa tiketi mjini Dodoma. Wakala huyo aliitwa Dilnaz. Familia yake ilikuwa imefanya biashara mjini hapo tangu wakati wa babu yake. Dilnaz alikata tiketi moja, ya kwenda na kurudi. Kisha alimweleza Faridi jambo moja zaidi. Likitokea lolote la kuzuia safari, alisema, apigiwe simu kabla ndege haijaondoka.

Faridi alicheka. Alimwambia kwamba mama yake haumwi hata mafua.

Wiki mbili kabla ya safari, Mzee Masudi alianguka zizini. Majirani walimbeba hadi ndani. Gari la kumpeleka hospitali lilipofika, alikuwa amekwisha kukata roho. Alizikwa siku iliyofuata, baada ya sala ya adhuhuri.

Bi Zaituni akaingia eda. Mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani kwa mumewe kwa miezi minne na siku kumi. Hajipambi wala hasafiri. Faridi alimuuliza mama yake kwa upole juu ya Shakila.

"Nimeishi na baba yenu zaidi ya miaka arobaini," Bi Zaituni alijibu. "Nitamaliza eda yake. Kisha nitakwenda kwa mwanangu."

Hakuna aliyempinga. Shakila naye alikubali kwenye simu, huku akilia. Alikuwa ameshindwa kuja kumzika baba yake, kwa kuwa daktari alimkataza kusafiri. Sasa alijua kwamba angejifungua bila mama yake. Alichobakiwa nacho ni ahadi kwamba eda ingeisha, na mama angekuja.

Katikati ya msiba, Faridi aliikumbuka tiketi. Alitoa simu mfukoni ili ampigie Dilnaz. Baba yake mdogo, Ibrahimu, alikuwa ameketi karibu naye jamvini. Alimuuliza anampigia nani. Faridi akamweleza.

"Wacha, baba, pokea wageni," Ibrahimu alisema. "Tiketi haiozi. Ndege zinaruka kila siku. Mjane akimaliza eda yake, ataonyesha tiketi na atapanda. Nani atamkatalia mfiwa?"

Wanaume wengine waliafiki. Mmoja alisimulia jinsi alivyokosa basi la Babati kwa sababu ya mazishi, na kondakta akampakia kesho yake bila neno. Faridi alikuwa amechoka. Alitaka kuyaamini maneno yao. Wageni kutoka Chemba walikuwa wanaingia uani. Akairudisha simu mfukoni.

Siku ya safari ilifika, ikapita. Ndege iliondoka Dar es Salaam. Kiti cha Bi Zaituni kilikuwa kitupu, na shirika la ndege halikujua sababu.

Faridi aliporudi kazini, alipita kwa Dilnaz ili apangiwe tarehe mpya. Dilnaz alimpa pole. Alimsikiliza hadi mwisho. Kisha aliangalia kompyuta yake, na uso wake ukabadilika.

"Kaka Faridi, tiketi hii imekufa."

"Ya kwenda?"

"Ya kwenda na ya kurudi. Abiria asipotokea, na asipotoa taarifa, shirika hili hufuta safari yote."

"Lakini tulikuwa na msiba, dada."

"Najua. Eda naijua, mama yangu aliikaa. Lakini habari za Kolo ningezipata wapi, ndotoni?"

"Kwenye basi wangetuelewa."

"Basi lina kondakta. Ukisimama mbele yake na machozi, anakuona. Kompyuta haioni mtu."

Faridi aliinuka. Dilnaz alikuwa bado anazungumza, lakini Faridi hakusikia tena. Alishukuru kwa adabu, akatoka. Jumamosi alikwenda Kolo. Mama yake alikuwa amekaa chumbani, amejifunika kaniki. Faridi alimwambia ukweli wote, na kwamba nauli mpya ingezidi bei ya ng'ombe wao wote. Alitamani agombezwe. Bi Zaituni hakumgombeza.

"Kwa hiyo hata eda ikiisha," alisema taratibu, "sina njia ya kufika kwake."

Mwezi uliofuata Shakila alijifungua mtoto wa kiume. Alipoteza damu nyingi. Walimpa mtoto jina la Masudi. Baada ya wiki moja, Abuu alilazimika kurudi kiwandani. Tangu hapo Shakila alibaki peke yake na mtoto, katika nyumba ya ghorofa ambayo majirani wake hawakumjua.

Mwanzoni alipiga simu kila siku. Aliuliza kama nauli nyingine imepatikana. Baadaye aliacha kuuliza. Siku moja alizungumza kwa sauti ndogo sana.

"Mama, mtoto akilia namtazama tu. Mikono haiinuki."

Bi Zaituni alimwambia aweke simu karibu na mtoto. Akaimba kwa Kirangi wimbo aliomlelea Shakila mwenyewe. Aliimba hadi salio likaisha. Hakujua kama kuna mtu aliyemsikia.

Kisha Shakila aliacha kupokea simu. Aliyepokea ni Abuu. Alisema kwamba mkewe hukaa dirishani tangu asubuhi, na chakula hupoa mbele yake. Usiku halali. Bi Zaituni alimsihi ampeleke hospitali bila kuchelewa. Daktari alisema kwamba Shakila ana ugonjwa wa unyogovu, ambao huwapata baadhi ya wanawake baada ya kujifungua. Alieleza kwamba si uvivu, wala si kukosa upendo. Alimpa dawa na mshauri. Alisisitiza pia kwamba mama huyo asiachwe peke yake. Lakini Abuu akiacha kazi, nani angelipa kodi ya nyumba? Na ndugu wa kukaa naye angetoka wapi?

Bi Zaituni alipopata habari hizo, hakulia. Alikaa akiutazama mlango. Ndugu walimletea chakula, akashukuru, hakukila. Shangazi mmoja alimwambia ajikaze, kwa kuwa watoto huzaliwa kila siku na mama zao hupona. Bi Zaituni alimjibu kwamba mume amekwisha kumzika, na sasa anamsikiliza binti yake akizama, naye hawezi kuinuka hata kumpa mkono.

Faridi alirudi kwa Dilnaz. Hakuwa na tumaini lolote. Alikwenda kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Alimweleza hali ya dada yake. Dilnaz aliweka kalamu chini.

"Siku ile uliondoka kabla sijamaliza," alisema. "Mashirika mengi ya ndege yana utaratibu kwa abiria aliyefiwa. Mengine husamehe hata baada ya ndege kuondoka. Mengine hukataa kabisa. Siwezi kukuahidi. Naweza kuomba. Lete cheti cha kifo cha mzee."

"Hatuna."

"Hamna?"

"Alifia nyumbani. Tulimzika kesho yake. Kijiji kizima kiliona."

"Kijiji kiliona," Dilnaz alisema. "Serikali haijui, na shirika la ndege halitaamini kwa maneno yangu. Kwenye karatasi zao, mama yako ni abiria aliyelala, akachelewa."

Alimweleza la kufanya. Kifo kilichotokea nyumbani huripotiwa kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa. Mtendaji huandika taarifa. Kisha ndugu huipeleka kwa msajili wa wilaya, ambaye hutoa cheti. Cheti hicho, alisema, si cha ndege tu. Kinahitajika katika mirathi, benki na mafao. Familia nyingi hukikumbuka siku zinapokwama, na kwa wakati huo mashahidi wamekwisha kusahau.

Faridi alikwenda Kolo, akamchukua baba yake mdogo ili awe shahidi. Walikwenda kwa mtendaji, kisha wakapanda gari kwenda Kondoa mjini. Ibrahimu alikuwa mtu wa mizaha, lakini njia nzima hakutania hata mara moja. Walipokaribia kufika, aligeuka.

"Mimi ndiye niliyesema tiketi haiozi."

"Ulisema, baba mdogo."

"Ungeninyang'anya hiyo simu."

"Ilikuwa mkononi mwangu," Faridi alijibu.

Cheti kilichelewa, kwa kuwa kifo nacho kilichelewa kuandikishwa. Kilipotoka, Dilnaz alituma maombi. Aliambatisha cheti cha kifo na cheti cha ndoa, ili ionekane kwamba marehemu alikuwa mume wa abiria. Alieleza eda ni nini, na kwa nini mjane hakusafiri. Shirika lilikaa kimya. Dilnaz aliandika tena. Eda ya Bi Zaituni iliisha, akavua kaniki, akaoga, na bado hapakuwa na jibu. Simu kutoka Kanada zilileta habari zilezile. Shakila alikuwa hai. Zaidi ya hapo, Abuu hakuweza kusema.

Siku moja mchana Dilnaz alimpigia Faridi. Shirika lilikuwa limekubali kuifufua tiketi, mara moja tu. Familia ingelipa faini na nyongeza ya nauli. Faridi na Ibrahimu waliuza ng'ombe wawili wa zizi la mzee, na hakuna aliyebishana.

Safari hii Faridi alikaa kwenye kiti hadi Dilnaz alipomaliza. Walihakikisha kwamba viza bado inaruhusu kuingia Kanada. Walihakikisha kwamba pasipoti haitakwisha muda wake Bi Zaituni akiwa huko. Walikata bima ya matibabu ya miezi yote sita, kwa sababu mgeni akiugua ugenini hulipa mwenyewe, na gharama yake ni kubwa mno. Mwisho, Dilnaz aliomba shirika limpe Bi Zaituni mtu wa kumsindikiza katika uwanja wa kubadilishia ndege. Alieleza kwamba huduma hiyo huombwa mapema, na kwamba mzee asiyejua lugha ya huko hapaswi kuona aibu kuiomba.

"Na likitokea lolote?" Dilnaz aliuliza.

"Nakupigia kabla ndege haijaondoka."

"Hata kwenye msiba?"

"Hata kwenye msiba. Nisipoweza, nitampa mtu mmoja kazi hiyo, asiwe na nyingine."

Bi Zaituni aliondoka mwishoni mwa juma hilo. Mjukuu wake alikuwa na zaidi ya miezi mitatu.

Siku ya tatu, simu ya Faridi iliita akiwa ofisini Mtumba. Alikuwa mama yake. Alizungumza kwa sauti ya chini. Alisema kwamba alisindikizwa vizuri, na kwamba Abuu alimpokea. Alimkuta Shakila dirishani. Alikuwa amekonda hata pete imehamia kwenye kidole gumba. Hakusimama. Alimtazama mama yake kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi. Kisha akamweka mtoto mikononi mwa mama yake, bila neno, akaenda chumbani.

"Sasa anasemaje?" Faridi aliuliza.

"Hasemi. Amelala," alijibu Bi Zaituni. "Amelala tangu jana jioni. Abuu anasema hajamwona akilala hivi tangu ajifungue."

Faridi alimuuliza kama anafikiri atapona. Bi Zaituni alisema kwamba dawa anapewa, na kwamba kesho watakwenda pamoja kwa mshauri wake.

"Nina miezi sita," alisema. "Kata simu, baba. Mtoto anaamka, na sitaki amwamshe mama yake."