Mbwa Asiye na Chipu

"Kifaa hakilii, Oktay."

Berrin alikipitisha tena kile kisoma-chipu shingoni mwa mbwa, kutoka masikioni hadi mabegani, akitafuta kidude cha utambulisho kinachotiwa chini ya ngozi. Kimya. Pamir, pitbull wa kijivu, alikuwa anamlamba kiwiko tu.

"Labda betri."

"Nimetoka kumpima paka sasa hivi, kimelia. Uliniambia umemsajili tangu kiangazi."

Oktay aliinamisha macho. Zilibaki wiki tatu yeye na Berrin wafunge ndoa. Berrin alikuwa daktari wa wanyama hapo Eskişehir, Uturuki, na msimu mzima wenye mbwa wa aina hiyo, ambayo sheria iliihesabu kuwa hatari, aliwaambia maneno yaleyale: mtieni chipu, ahasiwe, mwandikisheni, na nje asitoke bila kamba na kifunga mdomo. Mwisho wa kuwaandikisha ulikuwa kesho jioni.

"Baba alisema ukimwandikisha umewapa manispaa orodha. Watakuja kuwazoa wote."

"Wanamzoa asiyeandikishwa. Niachie hapa nimhasi leo, kesho asubuhi tupeleke karatasi."

"Nampeleka kijijini kwa baba mdogo."

"Sheria hairuhusu umuuze wala umpe mtu. Na huko kijijini hakuna askari?"

"Berrin, nimeshasema."

Jioni ujumbe wa Oktay ukaingia: "Yuko salama. Usinikasirikie, mpenzi."

Berrin aliigeuza simu kifudifudi.

Siku ya nne Oktay alipiga simu. "Wamemchukua. Alikuwa uani kwa baba mdogo tu, hajamgusa mtu. Askari walipita wakauliza cheti cha usajili."

Walikwenda pamoja kwenye kituo cha manispaa cha kutunzia mbwa. Ofisa wa pale aliwasikiliza hadi mwisho.

"Ndugu yangu, ungekuja wiki iliyopita na karatasi zako, angebaki kwako. Sasa hatoki tena hapa."

Ndani ya gari Oktay alisema, "Haya, sema. Sema uliniambia."

"Sina haja."

"Na harusi?"

Berrin alivua pete, akaiweka karibu na usukani. "La mbwa nimekusamehe. Lakini miezi sita ulikuwa unanitazama machoni na kunidanganya. Siwezi kuingia na uongo huo ndani ya nyumba."

Mwezi wa nne Berrin aliitwa kituoni kuchanja mbwa. Akamkuta Oktay kwenye mabuti ya mpira, anasugua sakafu ya vibanda. Pamir alilala nyuma ya wavu, kidevu juu ya miguu, anamfuata kwa macho.

"Tangu lini uko hapa?"

"Kila Jumamosi, tangu wamchukue. Najitolea. Ndiyo njia pekee ya kumwona."

"Hukuniambia."

"Ungedhani nakubembeleza." Aliegemeza brashi ukutani. "Berrin, baba hakusema lile neno la orodha. Nilimsingizia. Nilipokuwa mtoto mbwa wetu alifia mezani kwa daktari akihasiwa. Niliogopa kisu, nikaona aibu kumwambia daktari ninayemuoa."

Berrin alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Ungeniambia hivyo, ningekuacha ukae umemshika kichwa hadi azinduke."

"Najua. Nimelifikiria kila siku."

"Ukimaliza hapo, nawa mikono tukanywe chai. Na kama kuna uongo mwingine, uje nao wote."

Walioana mwezi wa tisa. Asubuhi ya harusi, kabla ya kwenda kwa kinyozi, bwana harusi alipitia kituoni kwanza kumwona Pamir. Bibi harusi alijua, maana safari hii alimwambia mwenyewe.