Bega la Kijani

Siku walipokutana, treni ya Kaliua ilikuwa imeingia Mpanda, stesheni imejaa magunia, kuku na makelele. Emelyne, fundi cherehani wa sokoni, alikuwa amefuata mzigo wake wa vitenge. Akamkuta kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa pasi, anapiga picha dirisha.

"Kaka, hilo dirisha limekukosea nini?"

"Njoo ujione, dada."

Kioo kilikuwa cha zamani, kina mawimbi. Emelyne akajiona shingo ya twiga, kichwa kama kiazi. Akacheka mpaka kilemba kikalegea.

Ndiye huyo Didace. Miezi minane wakapigiana simu asubuhi na jioni.

"Umekula, kiazi changu?"

"Sijala, nakusubiri wewe, mpiga madirisha."

Akaahidi kwenda Mishamo kujitambulisha kwa wazazi wake Emelyne. Mama mtu alishaanza kumlisha vizuri mbuzi wa kumchinjia mkwe.

Jumatatu Didace akarudi kutoka kwao Karema. Alisema alikwenda peke yake, kupiga picha madirisha ya misheni. Akaegesha pikipiki yake, akakaa kwenye benchi la fundi, akampa simu.

"Tazama, mpenzi. Ziwa limekunjamana kwenye kioo cha dirisha kama shuka."

Emelyne akatazama. Ndani ya kioo alikuwepo Didace na kamera yake, na ubavuni pake mwanamke, uso umevutika kama unga wa chapati.

"Huyu nani?"

"Sista tu, alikuwa anapita."

Emelyne akaivuta picha ikawa kubwa. Uso haukutambulika, lakini bega lilikuwa na kiraka cha kijani. Wiki iliyopita kitenge cha mteja wake Prisila kilipungua, akamuungia kiraka hicho kwa mkono wake mwenyewe. Prisila alikuwa akicheka: "Nipendezeshe, fundi. Ijumaa natambulishwa ukweni Karema." Na yeye Emelyne akampigia vigelegele.

"Sista anavaa mshono wangu, Didace?"



"Emelyne, nilitaka kukwambia..."

"Mama yangu analisha mbuzi." Akamrudishia simu. "Mwambie Prisila alete gauni nilitengeneze hilo bega. Harusini hamtapigwa picha kwenye kioo kibovu."

Akageukia cherehani, akakanyaga. Uzi ulikuwa umekatika, lakini alikanyaga hivyo hivyo, sindano inatoboa kitambaa bila kushona, mpaka pikipiki ya Didace ikaacha kusikika.