Shangazi Toakase na Fomu ya Kambi

Kila Jumapili baada ya ibada, jamaa wote hula kwa Kalolaine. Kunakuwa na magimbi, na majani yake yaliyopikwa kwa tui na nyama ya kopo. Katikati ya meza hupangwa chupa sita za soda. Jumapili hiyo, Shangazi Toakase aliweka karatasi kando ya soda.

"Fomu nimeshaijaza," alisema. "Likizo hii Lesieli anakwenda kambi ya kupunguza uzito. Wiki sita."

Lesieli, bintiye Kalolaine mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, aliinamisha kichwa. Kalolaine alimtazama mumewe, Semisi. Semisi naye akatazama magimbi yake. Angesema nini? Kwa Watonga, watu wa visiwa vya Tonga katika Pasifiki, dada wa baba ndiye mkubwa wa watoto. Hata huku Sydney, Australia, shangazi akisema, hakuna wa kukataa.

Kalolaine mwenyewe alikuwa ameshajaribu. Mwezi mzima alimpakulia Lesieli kabichi ya kuchemsha kwenye kisahani, huku ndugu zake wakila watakavyo. Kumbe mtoto alikuwa akila mikate bafuni, kwa siri. Siku Kalolaine alipoyakuta makombo, moyo ulimuuma.

Jumatatu alibisha kwa jirani yake, Nesi Fane.

"Nesi, hizi kambi ni mbaya?"

"Si zote, dada. Nzuri zipo. Ila uliza kwanza. Kuna daktari au mtaalamu wa lishe? Wazazi nao wanafundishwa? Watoto hawasimangwi? Na mtu akikuahidi kilo kadhaa kwa wiki kadhaa, mkimbie! Mtoto bado anakua. Wengine hawahitaji hata kupungua. Akirefuka na uzito ukitulia, inatosha. Lakini apimwe, asikadiriwe kwa macho."

Wakapiga simu kambini. Mwanamume mchangamfu akapokea. "Kilo kumi, mama, uhakika! Nyinyi wazazi hamhitajiki. Tuachieni tu mtoto!"

"Makubwa haya!" Kalolaine akakata simu.

"Na Lesieli mwenyewe anasemaje?" Nesi akauliza.

Hakuna aliyemuuliza.

Jioni alimuuliza. Mtoto akaangua kilio. "Mama, magoti yananiuma. Nataka kucheza ngoma kama wenzangu. Lakini sitaki kufukuzwa nyumbani!"

"Nani akufukuze? Nisamehe, mwanangu. Kile kisahani kimekwisha leo."

Kesho yake Nesi Fane alimpima Lesieli zahanatini, faraghani, bila kumtania. "Nyumba nzima mle chakula kimoja," akasema. "Mboga ijaze nusu ya sahani. Mnywe maji badala ya soda. Mtembee pamoja, mlale mapema. Na unene wa mtoto usiwe hadithi ya mezani."

"Sawa, Nesi. Lakini Shangazi nani atamwambia?"

Jumapili ikafika. Kalolaine alikuwa bado anatafuta maneno, Lesieli akamtangulia.

"Shangazi, ukisema niende, nitaenda. Lakini nikirudi, soda zitakuwa hapa hapa?"

Semisi, aliyekuwa akijimiminia glasi ya tatu, akabaki na chupa mkononi. Kalolaine akapata nguvu. Alieleza yote, habari za simu na maneno ya Nesi. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaikunja fomu, akaitia mkobani.

"Mimi nilitaka apone tu," alisema taratibu. Halafu akakaa sawa. "Basi, kuanzia leo nyumba hii ni maji. Semisi, weka chini hiyo glasi."

"Dada, hata mimi?"

"Wewe hasa! Na kanisani tutakwenda kwa miguu. Wote."

Nani angekataa?

Semisi alinung'unika wiki mbili, kisha akazoea. Bafuni hakuna tena makombo. Baada ya miezi minane, Nesi Fane alimpima Lesieli, akatabasamu. Mtoto amerefuka, uzito uko palepale, magoti hayaumi. Kwenye sikukuu ya kanisa alicheza ngoma mpaka mwisho, na Kalolaine akalia kwa furaha mbele za watu.

Jumapili iliyofuata walikuwa wakipanda kilima cha kanisa. Lesieli alikuwa mbele kabisa.

"We mtoto, ngoja!" Shangazi aliita, akihema. "Unataka kuniua?"

Lesieli akasimama, akacheka, akarudi kumshika mkono.

"Shangazi akisema," alijibu, "hakuna wa kukataa."