Neno Lililokosa Asili

Harufu ya mafuta ya nazi ndiyo iliyotangulia. Mtunga kamusi aliinua uso kutoka mezani, akanusa tena. Ulikuwa mchana kweupe, madirisha wazi, na mafuta yale hayakuwa yametumika humo ndani tangu mkewe azikwe. "Pua imezeeka," akajiambia, akarudi kazini.

Kamusi nzima ilikuwa imekwisha isipokuwa neno moja, jina la kiumbe wa hadithi za zamani. Msinilazimishe kulitaja, mimi nina familia. Maana alikuwa nayo: kiumbe anayekuja na sauti ya mtu uliyempoteza. Asili ndiyo iliyomtoa jasho. Na kama walivyozoea watu wa kazi yake, alilisoma neno kwa sauti, akalivuta, akalikata silabi, akalitungia sentensi, tangu asubuhi, katika nyumba isiyo na hata mtu wa kumwambia anyamaze.

Alasiri akampigia simu shangazi yake.

"Shikamoo, shangazi. Lile neno mlilokuwa mkitutishia utotoni, lilitoka wapi?"

"Marahaba. Neno gani?"

Akalitaja.

"Toba!" shangazi akanong'ona. "Umelitaja mara ngapi leo?"

"Kutwa nzima. Si ndiyo kazi yangu?"

"Ole wako, mwanangu. Hilo halikuwa jina la kitu. Wafiwa walikuwa wakilitamka makaburini kumwomba maiti wao arudi. Maiti hawakurudi. Kilikuja kingine, na watu wakakipa jina la wito uliokileta."

Ukumbini ndara zilianza kuburuzwa, taratibu, zikaingia jikoni ambako kifuniko cha sufuria kiligongwa kama anavyokigonga mtu anayepika huku akiwaza mengine, zikatoka, zikakaribia, na harufu ya mafuta ikazidi mpaka ikamkaba kooni, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya udongo uliotoka kuchimbuliwa, hadi ndara zikasimama nyuma ya mlango wake.

"Mume wangu," sauti ikasema, ileile, yenye kukwaruza kidogo. "Mbona umekaa peke yako?"

"Nimemsikia!" shangazi alihema kwenye simu. "Mwambie hukumwita. Basi, hilo tu! Ataondoka na hatarudi tena. Sema, mwanangu, chonde chonde!"

Alijua fika kwamba siye. Yeye mwenyewe ndiye aliyemteremsha mkewe kaburini, kwa mikono yake. Akafungua kinywa aseme, akaona kitakachofuata akishasema: ukumbi mtupu, sahani moja mezani, kesho hivyohivyo na keshokutwa hivyohivyo. Machozi yakamtoka. Alikuwa mpweke, jamani, mpweke kuliko alivyowahi kumwambia mtu yeyote.

"Shangazi," akasema kwa upole, "nisamehe." Akakata simu.

Akajipangusa uso, akalinyoosha shati lake, akaenda mlangoni.

"Nimekuita mimi," akasema, na kufungua. "Ingia."