Vimelea Vilivyotakiwa Kufa

"Blanka, kesho usisimame mbele ya watu."

Radim, mchumba wake na mtafiti wa kupe, aliingia na viatu vya theluji hadi sebuleni, yeye ambaye siku zote huvaa ndala za ndani kwanza.

"Unanitisha. Mama kapatwa na nini?"

"Mama mzima. Asubuhi nimempelekea supu, kamaliza bakuli. Ni vimelea vyako."

Blanka aliweka pasi pembeni. Kazi yake ilikuwa kundi la protini linalorekebisha ujumbe wa RNA, yaani maagizo ya seli, ndani ya vimelea vya ugonjwa wa malale. Alizima protini moja ya kundi hilo, aone kama vimelea vitaishi bila hiyo. Vikaishi. Kesho angewaeleza hivyo maprofesa wa chuo cha Budějovice, na Jumamosi ilikuwa harusi yao.

"Ulipokwenda kumuuguza mama, uliniachia nivilishe. Nikakuta vinakufa. Nikajua mimi mtu wa kupe nimekosea chakula, nimekuharibia kazi. Nikatoa vingine vizima kwenye friza, nikavitia kwenye chupa zako."

"Ambavyo sijavizimia protini?"

"Ndiyo."

"Radim! Vilitakiwa kufa! Kufa kwavyo ndilo jibu langu!"

"Nimejua leo, nilipokusikia ukifanya mazoezi ya hotuba."

"Mbona hukuniambia siku ile ile?"

"Ulikuwa hulali, hata kula huli. Niliogopa kukuongezea."

"Ukaona bora unidanganye? Toka!"

Alitoka. Blanka alilia, kisha akamwandikia profesa wake: "Matokeo yangu si sahihi. Naomba tuahirishe."

Simu ikalia. Mama.

"Radim kanipigia, kaniambia yote. Kaniomba nisikulaumu ukivunja harusi."

"Unamtetea, mama?"

"Simtetei. Kakosa. Lakini kakiri mwenyewe, mwanangu, wala hakuna aliyemkamata."

Blanka alimuaga mama. Halafu akamwandikia Radim: "Naanza upya. Jumatatu uje maabara."

"Na harusi?" Radim akajibu.

"Isubiri. Kwanza nione kama unaweza kukaa nami mambo yakiharibika, bila kunificha."

Alikuja Jumatatu, Blanka akazima protini ile upya, naye akaja kila siku. Wiki ilipokwisha, Blanka alimsogezea hadubini.

"Vimeacha kuogelea," Radim alinong'ona. "Vinakufa, Blanka."

"Mikono mfukoni, bwana wa kupe, usije ukaviokoa tena."

Akaitia yote miwili mfukoni mwa koti. Blanka akacheka kidogo, kisha akapenyeza na wa kwake humo humo, wakaendelea kutazama.