Mgeni wa Kiti cha Kushoto

Gari la Jelle lilikuwa limeinama upande wa kushoto. Si sana, upana wa vidole vitatu tu, lakini mwenye gari kuukuu huyajua maungo yake kama mfugaji amjuavyo ngamia wake, na Jelle alijua kwamba mwezi uliopita halikuwa hivyo. Lilikuwa Land Cruiser la dizeli, kubwa kwa umri kuliko mke wake. Alilichagua mwenyewe akayaacha mapya yanayong'aa, kwa sababu gari la kompyuta likikuzimikia katikati ya Habaswein na Wajir litakuua kwa kiu, ilhali hili la zamani utalifunga kwa waya, utaligonga kwa nyundo, na litakufikisha. Kwa magari Jelle hakuwa mjinga. Mtihani wake ulikuwa watu.

Maneno yalimwishia kwenye salamu. Mkewe, Ifrah, alivumilia miaka minane ya nyumba isiyo na mazungumzo, kisha akarudi kwao Eldas akisema afadhali akae na mbuzi, maana mbuzi ukimwita huitika. Jelle akabaki Garissa, akisafirisha dawa za mifugo kwa wenye maduka ya huko juu, njia ya Wajir. Alimpenda mke wake, wala hakujua namna ya kumwambia, na upweke ukawa unamla taratibu.

Fundi wake, Guracha, Mborana asiyependa porojo, alijilaza chini ya gari, akabadilisha springi za kushoto, akapima kwa futi. Sawasawa kabisa. Jelle alipopanda na kuwasha injini, upande wa kushoto ukashuka polepole, chuma kikalia, kama anavyoketi mtu mzito. Guracha alifuta mikono kwa muda mrefu.

"Hii springi haina shida," akasema kwa sauti ya chini. "Iko mtu ameketi hapo. Wewe Jelle, ulibeba nani?"

Jelle akakumbuka. Wiki iliyotangulia, saa sita ya mchana, alipokuwa ameipita Habaswein, alimwona mtu mwenye shuka nyeupe kando ya barabara, ameinua mkono. Katika nchi ile kavu, kumpita mtembea kwa miguu ni sawa na kumuua, na aliyelelewa akaleleka hafanyi hivyo. Akasimama, asione mtu. Akadhani yule bwana ameenda haja nyuma ya kichaka. Akamfungulia mlango wa kushoto, akangoja, akasema kwa adabu zote, "Ingia ndugu yangu, karibu." Hakuingia mtu. Jelle akavuta mlango, akaenda zake.

Mwingine angekimbilia kwa maalim siku ileile. Jelle alijiambia atakwenda kesho, na kesho haikufika. Aliogopa, asiogope vipi? Kiti kile kilikuwa na joto la mtu aliyenyanyuka sasa hivi. Ndani ya gari kulinukia ubani, na chini ya ubani ile harufu ya udongo uliolowa, ilhali mvua haikuonekana tangu mwaka uliopita. Kisha siku moja, njia ikiwa ndefu na jua likipiga, akajikuta anaongea. Alieleza jinsi anavyokula peke yake. Alieleza habari za Ifrah, mambo ambayo Ifrah mwenyewe hakuwahi kuyasikia.

"Ehe," kitu kikaitikia pembeni yake.

Hakikusema zaidi ya hapo, lakini kwa mtu mwenye kiu hata tone ni maji. Jelle aliongea miezi minne mfululizo.

Ndipo Guleid, kaka yake Ifrah, alipopiga simu. Dada yake amekubali kurudi, aje amchukue Alhamisi. Ila ameapa kwamba hii ni mara ya mwisho: akikikuta kimya kilekile, atadai talaka. Jelle alifurahi akakikimbilia kiti kukipa habari. Joto likakatika ghafla. Kioo cha kushoto kikajipandisha chenyewe hadi juu, mpini wa kukipandishia ukizunguka bila aliyeushika.

"Na mimi nitakaa wapi?" sauti ikauliza.

Sasa Jelle akakimbilia chuoni. Maalim Yahye alimsikiliza huku akisahihisha vibao vya Kurani vya wanafunzi wake, naye hakuficha hasira. Alisema jini aliyevamia angemtoa kwa kisomo, lakini mgeni aliyekaribishwa kwa mdomo huagwa kwa mdomo uleule.

"Mpeleke ulipomchukua," akamwambia. "Fungua mlango, umuage, uondoke. Usishuke, Jelle. Hata akikulilia, usishuke."

Alhamisi saa sita Jelle alikuwa pale pale. Aliacha injini ikiunguruma, akajinyoosha akafungua mlango wa kushoto, akasema alivyofundishwa: nenda kwa amani, tusameheane. Gari likainuka. Machozi yakamjia, naye akashangaa kwamba ni ya huzuni.

"Hunisindikizi?" sauti ikauliza kutoka nje, kwa upole.

Hapo ndipo malezi yalipomponza, maana kwao mgeni haachwi mlangoni, husindikizwa walau hatua chache, na aliyemwacha mgeni aondoke peke yake husemwa hadi na wajukuu. Akajiambia hatua kumi tu, akashuka, akatembea na ile harufu ubavuni, akihesabu, na alipofika kumi akaongeza tano kwa sababu mwenzake alikuwa akimuuliza kama Ifrah anapenda chai yenye iliki, akajibu, akaongeza nyingine, na jua lilikuwa utosini hata hakuwa na kivuli, ndipo akatazama chini akaona nyayo zikijichora mchangani kando yake, moja baada ya nyingine, zikiwa na alama za ndala zake mwenyewe alizokata kwenye tairi, akageuka upesi kutazama alikotoka, na mchanga nyuma yake ulikuwa laini, hauna hata unyayo wake mmoja.

Mlango wa gari ukafungwa kule barabarani. Gia ikaingia kwa mkwaruzo anaoujua. Jelle alipiga kelele, lakini sauti ikaishia kifuani mwake. Aliona mkono ukitoka dirishani kumuaga, nao ulikuwa na saa yake.

Gari lilifika Eldas kabla ya magharibi. Ifrah alitoka na begi lake, amejiandaa kwa salamu moja na ukimya wa siku nzima. Mumewe alishuka akicheka. Akamwambia alivyomkosa, alivyolipita duka la nguo za kike akashindwa kuingia, alivyokuwa akilitaja jina lake barabarani. Walipoondoka aliendelea kuzungumza, na Ifrah akasikiliza akilia kwa furaha. Walipokaribia Wajir alimwandikia Guleid ujumbe: "Alhamdulillahi, kaka. Leo nimepata mume."